Sakafu ya mbao kwenye pikapu ya zamani: mwongozo kamili kwa hali ya hewa ya Dodoma

Kabla hujanunua hata ubao mmoja, tazama kalenda. Hapa Dodoma mvua huanza karibu Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka mzima ni takribani milimita 550 hadi 600 tu. Miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi. Ubao ulioupima Februari ukiupima tena Septemba utakuta umepungua upana, ingawa urefu wake haujabadilika. Anayejenga sakafu ya pikapu bila kulizingatia hilo atapata moja kati ya mawili: nafasi zinazomwaga karanga njiani, au mbao zinazosukumana masika mpaka zinapanda mgongo na kuvuta bolti.

Nimeyaona yote mawili kwa kazi ya mikono yangu. Sakafu ya kwanza niliifunga mwezi wa pili kwa mbao ambazo hazijakauka, na kufika Agosti kidole kilikuwa kinapita kati ya ubao na ubao. Ya pili niliifunga Septemba, mbao zikiwa zimebanwa zigusane ili kosa lile lisijirudie. Januari ubao wa katikati uliinuka na kupinda flatibaa, yaani kile chuma kirefu bapa kilichokuwa kimeushika. Haya ninayoandika yanatokana na zilizofuata, hasa Chevrolet 3100 ya miaka ya 1950 ya mzee mmoja wa Mpwapwa, ambayo bado inabeba mahindi.

Pikapu nyingi za Marekani za miaka ile, Chevrolet, Ford na Dodge, zilitoka kiwandani zikiwa na sakafu ya mbao iliyoshikwa na vipande virefu vya chuma. Chevrolet iliendelea kuuza bodi ya namna hiyo mpaka miaka ya 1980. Kwa hiyo kuweka mbao kwenye gari kama hizo ni kurudisha kilichokuwapo. Kama yako ni Land Rover au Toyota ya zamani ambayo sakafu yake ya bati imeliwa na kutu, njia ni hii hii, ila utahitaji fundi wa kuchomelea akuwekee mapau mapya ya chuma ya kulalia mbao.

Kuchagua mbao

Chaguo langu la kwanza ni mninga. Si kwa sababu ya rangi yake, ingawa ni nzuri, bali kwa sababu ni mti unaosinyaa na kuvimba kidogo kuliko karibu mbao zote unazoweza kuzipata hapa. Ubao wa mninga wenye upana wa sentimita 17 husogea kama milimita 1 kati ya kiangazi na masika. Paini ya upana huo husogea milimita 2 na zaidi. Zidisha kwa mbao saba uone tofauti inavyokua.

Mkongo ni mgumu na mzito kuliko mninga, unafaa gari la kubebea mawe au vyuma, lakini hulemea gari na humaliza makali ya randa. Paini inayotoka Mafinga, kwenye shamba la miti la Sao Hill, ni nyepesi na ya bei nafuu. Sikatai kuitumia, ila iwe imetiwa dawa, na ukubali kwamba itachubuka. Mkaratusi usiuguse kwa kazi hii: hujinyonga na kupasuka ukikaushwa na jua letu.

Mninga na mkongo huja hasa kutoka upande wa Tabora, Katavi na Ruvuma. Nunua kwa muuzaji ambaye mbao zake zina alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na akupe risiti. Bila karatasi hizo unaweza kunyang'anywa mzigo kizuizini, na zaidi ya hapo miti hii hukua polepole sana. Ukinunua ya wizi unausaidia msitu kuisha.

Ukifika kwenye mbao, geuza kila moja. Tafuta zile ambazo mistari ya nyuzi imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kataa yenye fundo pembeni, maana ukikata kidato (ngazi ndogo ya ukingoni inayokaliwa na flatibaa) fundo litang'oka. Kataa pia yenye weupe mpana ukingoni. Ule weupe ndio fukusi wanaoupenda. Kiini chekundu au cha kahawia hawakigusi kirahisi. Ukilazimika kuchukua ubao wenye weupe, uwe mpana wa kutosha uweze kuukata wote na bado upate kipimo chako.

Kwa bodi yenye upana wa sentimita 127 na urefu wa sentimita 198, kama ile ya Chevrolet, nilinunua mbao nane za inchi 1 kwa 8. Saba ni za kazi. Ya nane nitaieleza mwishoni.

Kukausha

Hapa ndipo watu wanapokosa subira, na hapa ndipo sakafu inapoharibikia. Muuzaji atakuambia mbao ni kavu. Huenda ni kavu juu tu.

Zipange kivulini, chini ya paa lenye upepo unaopita, juu ya matofali yaliyo sawa. Kati ya safu na safu weka vipande vya mbao vya unene wa inchi 1, kila baada ya sentimita 50, na vipande hivyo vikae mstari mmoja wima kutoka chini hadi juu, la sivyo mbao zitapinda kufuata uzito. Paka rangi yoyote ya mafuta kwenye ncha za kila ubao, kwa sababu ncha hukauka haraka kuliko katikati na ndipo nyufa zinapoanzia. Juu ya rundo weka mawe mazito. Usizianike juani kwa kudhani unaharakisha. Jua la Dodoma la saa saba mchana litazipasua ndani ya siku chache.

Ili kujua zimekauka, hakuna haja ya mashine. Kata kipande cha futi moja kutoka ubao mmojawapo, mbali na ncha, kipake rangi kwenye ncha zake zote mbili, kiandike namba na ukiweke katikati ya rundo. Kila Jumamosi kipime kwenye mizani ya dukani na uandike gramu. Uzito utashuka wiki hadi wiki. Ukiona wiki tatu mfululizo haushuki tena, mbao zimefika pale hewa ya hapa inapozitaka. Ukianza Mei, mbao za inchi 1 zilizokuja zikiwa zimekauka nusu huwa tayari karibu Agosti au Septemba.

Huo ndio wakati ninaopendelea kufunga: mbao ziko kwenye upana wao mdogo kabisa, kwa hiyo najua zikisogea zitavimba tu, hazitasinyaa zaidi. Nafasi ninayoacha ni ya kuvimba. Ukilazimika kufunga Februari, fanya kinyume: nafasi iwe ndogo, maana itajifungua yenyewe.

Kufungua bodi na kutazama chuma

Toa waya wa betri kwanza. Jua tanki la petroli liko wapi kabla ya kuwasha grenda. Kwenye Chevrolet za kuanzia 1949 hadi 1972 liko ndani ya kebini nyuma ya kiti, lakini magari mengine yanalo chini ya bodi, na hilo lazima lishuke na lipelekwe mbali kabla ya cheche yoyote.

Bolti za zamani hazifunguki. Usipoteze siku nzima nazo. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu jioni, jaribu asubuhi, na zilizokataa zikate kwa grenda. Lakini hifadhi kipande kimoja cha kila aina ya chuma kama kielelezo, hata kama kimeoza. Kama mabaki ya sakafu ya zamani yapo, pima unene wake. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ubao mnene kupita ule wa kiwandani huinua sakafu yote, na ukifika kwenye ukuta wa mbele na mlango wa nyuma utakuta matundu ya bolti hayalingani na mlango haufungi.

Sakafu ikishatoka, utaona mapau ya chuma yanayokingama juu ya chesisi. Gonga kila pau kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Pau lililooza lipelekwe kwa fundi wa kuchomelea. Kisha sugua kutu yote kwa brashi ya waya, futa kwa thina, paka redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mara mbili na rangi ya mafuta juu yake. Chini ya sakafu hutafika tena kwa miaka mingi, kwa hiyo usiibanie rangi sehemu hii.

Sasa hakikisha bodi iko mraba. Vuta futikamba kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kona kwa kona ile nyingine. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 4, legeza bolti za mbavu (kuta za pembeni za bodi), sukuma bodi mpaka vilingane, kisha kaza. Gari lililobeba mizigo miaka 60 kwenye makorongo huwa limeegemea upande mmoja. Ukikata mbao kufuata bodi iliyopinda, upindaji huo utaufunga humo kwa bolti.

Hesabu ya upana

Nitatumia bodi ya sentimita 127, yaani milimita 1270, mbao saba. Kati yake kuna nafasi sita. Kila nafasi ni milimita 12, kwa sababu bolti ya milimita 8 hupita humo humo katikati ya mbao mbili na lazima ibaki na pumzi. Mara sita ni 72. Mbao saba za milimita 170 ni 1190. Jumla 1262. Zinabaki milimita 8, nne kwa kila upande, kati ya ubao wa pembeni na ubavu wa chuma.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba hakuna msumari wala skrubu inayotoboa ubao. Flatibaa yenye upana wa milimita 30 inalala juu ya nafasi na kukanyaga kingo za mbao mbili, milimita 9 kila upande. Bolti inaishikilia flatibaa kwenye pau. Ubao umebanwa kwenda chini, lakini kwenda kushoto na kulia uko huru kuvimba na kusinyaa unavyotaka. Ukiupigilia ubao misumari kingo zote mbili, kitu pekee kitakachobaki kwake ni kupasuka katikati.

Kuranda na kukata vidato

Peleka mbao kwenye mashine ya kuranda zitoke na unene mmoja. Mimi huacha milimita 20, karibu sana na unene wa kiwandani. Ukiranda nyumbani kwa randa ya mkono inawezekana, ila pima kila baada ya sentimita 30. Funga kitambaa au barakoa vizuri. Vumbi la mninga huwasha kifua na ngozi, na mtu mwenye pumu asikae karibu.

Tazama ncha ya kila ubao uone duara za ukuaji wa mti zimeelekea wapi. Upande uliokuwa karibu na gome la mti uwe juu. Ubao mkavu ukivimba baadaye na kujikunja, utajikunja kingo zikielekea chini, na maji yatateremka kwenye nafasi badala ya kutuama katikati.

Kisha vidato. Kwenye kila ukingo utakaokanyagwa na flatibaa, kata ngazi ndogo yenye upana wa milimita 11 na kina cha milimita 2. Upana umezidi zile milimita 9 zinazokanyagwa na flatibaa kwa milimita 2 ili ubao ukivimba usigonge chuma. Kina kimepungua kidogo kwa makusudi: flatibaa ya unene wa milimita 3 itatokeza milimita 1 juu ya mbao, na gunia au kreti ya zabibu ya Hombolo itateleza juu ya chuma badala ya kukwangua mti. Mwenye mashine ya ruta atamaliza saa moja. Kwa mkono, chora mstari kwa kisu, si kwa penseli, kisha tumia randa ya pembeni na patasi kali. Mbao mbili za pembeni zinakatwa kidato upande mmoja tu. Ukingo wao wa nje unalala chini ya mkunjo wa ubavu au unashikwa na engo (chuma chenye umbo la L).

Zipange kavu kwenye mapau kabla ya kupaka chochote. Weka vipande vya mbao vya milimita 12 kwenye nafasi, funga mlango wa nyuma, ufungue, ufunge tena. Ukikwama, rekebisha sasa.

Flatibaa na bolti

Kata flatibaa sita kwa urefu wa bodi. Zilaze mahali pake, weka alama pale zinapokutana na kila pau, toboa kwa drili. Bolti nzuri kwa kazi hii ni zile zenye kichwa cha mviringo kilicho laini na shingo ya mraba chini yake, kwa sababu hazizunguki ukizikaza kutoka chini na hazichani magunia. Tundu la mviringo kwenye flatibaa ligeuze kuwa mraba kwa tupa ndogo. Ni kazi ya kuchosha, matundu mengi, lakini usimruhusu mtu akuchomelee vichwa vya bolti ili kuimaliza haraka: siku ukitaka kubadilisha bolti moja utaharibu flatibaa nzima.

Chukua bolti zilizopakwa zinki, au za chuma cha pua kama mfuko unaruhusu. Chini weka washa pana na nati zenye pete ya nailoni ndani. Barabara zetu za vumbi zenye matuta madogo ya kutetemesha hulegeza nati ya kawaida ndani ya wiki.

Mafuta

Watu wengi hupenda vanishi kwa sababu inang'aa siku ya kwanza. Juani hukatika baada ya muda, maji hupenya chini yake, na mti huoza ukiwa umefunikwa. Mafuta ya linsidi (mbegu za kitani) yaliyochemshwa huingia ndani ya mti, na yakififia unaongeza juu yake bila kukwangua.

Piga msasa namba 80 kisha 120. Usiende laini zaidi, sakafu ya gari ikiwa laini mno huteleza. Koti la kwanza changanya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu, lipenye. La pili na la tatu mafuta matupu. Paka pande zote sita za kila ubao: juu, chini, kingo mbili na ncha mbili, hasa ncha. Acha dakika 20, futa yaliyobaki juu, subiri siku mbili kabla ya koti linalofuata. Paka alfajiri. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa hapa huamka katikati ya asubuhi na vumbi litakaa kwenye mafuta kama msasa.

Vitambaa ulivyofutia usivirundike wala kuvitupa kwenye ndoo ya taka. Mafuta ya linsidi yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa huweza kuwaka moto lenyewe bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje juu ya mawe mpaka vikakamae, au viloweke kwenye maji.

Na oili chafu ya injini, naomba sana, usipake sakafu ya gari linalobeba chakula. Ina masizi na vipande vya metali, na itaingia kwenye gunia la unga linalokwenda kuliwa na watoto. Nimesikia wanaosema wazee walifanya hivyo. Wengi walifanya kwa sababu hawakuwa na kingine.

Kufunga

Juu ya kila pau bandika kipande cha mpira wa tyubu chembamba kuliko pau lenyewe, ili mbao zisikwaruze rangi na zisilie njiani. Anza na ubao wa katikati. Upime kutoka mbavu zote mbili mpaka uwe katikati kweli, kisha endelea nje, mmoja kushoto, mmoja kulia, ukiweka vile vipande vya milimita 12 kwenye nafasi. Ukianzia pembeni, makosa madogo ya kila ubao yatajumlishana na ubao wa mwisho hautaingia.

Laza flatibaa zote, dondosha bolti zote, funga nati kwa vidole tu. Zikishakaa zote, kaza kwa spana kuanzia katikati kwenda mbele na nyuma. Kaza mpaka flatibaa iguse mti sawasawa kisha robo zamu. Ukiona chuma kinazama kwenye mti umepitiliza, na umeufungia ubao usisogee. Toa vipande vya nafasi.

Mlazo wa bolti za pembeni na ukuta wa mbele hufuata matundu ya gari lako, hapo hakuna la kufundisha.

Miezi ya kwanza

Baada ya kilomita 100 ingia chini ya gari na spana. Nati zitakuwa zimelegea kidogo kwa sababu mpira na mti vimejikalia. Rudia baada ya kilomita 500.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua ya kwanza, pitisha kisu chembamba kwenye kila nafasi na upulize kwa pampu. Vumbi letu likijaa humo na kupata unyevu hushikana kama tofali, na ile nafasi uliyoihesabu kwa milimita haipo tena wakati mbao zinaihitaji. Gari la mzee wa Mpwapwa lilirudi kwangu Februari ya mwaka wa pili kwa sababu hiyo tu. Mbao zilikuwa zimesukuma ubavu wa kushoto. Tulilegeza flatibaa, tukachimba udongo mgumu kwa msumeno wa chuma, na sakafu ikarudi mahali pake bila kubadilishwa ubao hata mmoja. Mafuta ongeza koti moja kila mwaka, mwezi huo huo.

Sasa ule ubao wa nane. Urande siku moja na wenzake, ukate vidato pande zote mbili, upake mafuta, uuandike tarehe mgongoni na uuweke juu ya dari ya banda, umelala. Siku jiwe au jeki ikivunja ubao mmoja kati ya ile mitano ya ndani, unalegeza flatibaa mbili tu, unauvuta uliovunjika kupitia mlango wa nyuma na kuusukuma mpya mahali pake. Ukivunjika wa pembeni, ubao huo huo utafaa. Kidato kilichozidi kitafichwa na engo. Utakuwa na unene uleule na umekaushwa na hewa ileile. Kazi nzima haifiki saa mbili.